Kukodi motahomu kwa siku chache New Forest na Dorset: maoni yangu

Nianze na jibu kabisa maana najua wengi mnatafuta hilo tu: ndiyo, kukodi motahomu (gari lenye vitanda, jiko na choo humohumo ndani) ukazunguka pwani na mashamba ya Uingereza kwa siku chache inafaa, tena inafaa sana, ila uchague kona moja ndogo ya nchi ukae humohumo. Ukishaanza kusema leo Cornwall kesho Bath keshokutwa Wales umeshaharibu, siku zako zote zitaishia motorwei unaangalia taa nyekundu za gari la mbele na watoto huko nyuma wanauliza bado hatujafika tu. Sisi tulikuwa wanne, mimi, baba watoto na wanetu wawili, ilikuwa ile likizo fupi ya shule mwisho wa Mei, tukachukua New Forest na Dorset basi, huko kusini mwa England, na bado kuna sehemu za Dorset hatukuzigusa. Kutoka Southampton tulikochukulia gari mpaka Lyme Regis mwisho kabisa upande wa magharibi haizidi maili 90, mwenye gari dogo anaimaliza asubuhi moja, na ndo uzuri wenyewe, unaendesha kidogo halafu unakaa sana.

Sasa gari. Lilikuwa la vitanda vinne, urefu karibu mita 7, kwenda juu karibu mita 3, limejengwa juu ya vani ya Fiat Ducato kama yalivyo mengi ya huku, dizeli, gia za mkono. Uzito wake kamili ukijaza kila kitu hauruhusiwi kuvuka tani 3.5 kwahiyo leseni ya kawaida ya gari dogo inatosha, ila kampuni nyingi zinataka dereva awe amefika miaka 25. Ndani kuna kitanda juu ya kichwa cha dereva ambacho watoto walikigombania mpaka tukaweka zamu, meza ya watu wanne inayogeuzwa kitanda, jiko la gesi la pleti tatu, friji, sinki, hita, na kibafu chenye choo ambacho mtu mzima akiingia anageuka kwa mpango. Tulilipa kama paundi 140 kwa siku pamoja na bima ya msingi, na juu yake wakazuia paundi 1,000 kwenye kadi kama dipoziti. Ulizeni vizuri hapo kwenye bima, maana ile ya msingi ukigonga kitu kiasi cha kwanza chote unabeba wewe, na vioo vya pembeni na paa kwenye mikataba mingi havimo kabisa. Na paa ndo linalogongwa, matawi ya miti huku yameinamia barabara kila mahali.

Malalamiko yangu ya kwanza ni makabidhiano. Kampuni sitaitaja, lakini kijana aliyetupokea alitupitisha kwenye mambo yote yale, maji yanajazwa wapi, maji machafu yanatolewa wapi, gesi inafunguliwa wapi, choo kinamwagwa vipi, hita inawashwa vipi, kwa dakika chache tu huku anaangalia saa, kuna familia nyingine inasubiri. Mtu anayeshika kitu hiki mara ya kwanza hawezi kuyashika yote yale. Nilichofanya nikatoa simu nikamrekodi video mwanzo mwisho, na nawashauri wote mfanye hivyo hata kama anakukunjia uso, kwasababu usiku wa kwanza hita iligoma kabisa na baridi ya Mei huku sio mchezo, tukarudi kwenye video tukaona kuna koki ndogo ya pili ya gesi ndani ya kabati chini ya jiko, tukafungua, ikawaka. Bila ile video tungelala na makoti. Jingine, shuka na mito vilikuwa visafi, sufuria zilikuwepo, lakini kisu kimoja tu na hakikati kitunguu, ulizeni hayo pia, au bebeni vyenu.

Usiku huo wa kwanza tulikaa New Forest kwasababu iko pua na mdomo na Southampton. Ni msitu wa kifalme, mfalme William Mshindi aliutenga kwa ajili ya uwindaji mwaka 1079, na tangu 2005 ni hifadhi ya taifa, na japo inaitwa msitu sehemu kubwa ni nyika wazi ya vichaka vya maua ya njano yanayochoma. Farasi wadogo wale wa huko, poni, wanazurura barabarani kama wenye barabara, na Mei ni wakati wa kuzaa kwahiyo unakuta mama na mtoto wake wa siku chache wamelala katikati ya lami na wala hawashtuki. Spidi kwenye barabara zisizo na uzio ni maili 40 kwa saa na bado ni kubwa, nendeni taratibu zaidi ya hapo hasa jioni. Sio wanyama wa porini, kila mmoja ana mwenyewe, wenyeji wenye haki ya malisho ya tangu zamani, na ni marufuku kuwalisha au kuwapapasa, faini ipo. Wanetu iliwauma hiyo lakini wakaelewa. Kulala kwenye zile paking za msituni pia hairuhusiwi.

Na hapa niseme jambo ambalo linawachanganya wengi. Watu wanaona picha za motahomu imeegeshwa peke yake juu ya jabali bahari iko mbele wanafikiri England unalala popote. Hapana. Kila kipande cha ardhi kina mwenyewe na bila ruhusa yake huna haki ya kulala, na paking nyingi za pwani zimeandikwa wazi hakuna kulala usiku, nyingine zina chuma kimewekwa juu mlangoni kama mita 2 hivi kwahiyo hata kuingia mchana huingii. Hilo la vyuma lilituudhi kweli kweli, unafika ufukweni saa nne asubuhi, paking ni kubwa nusu tupu, na gari lako haliruhusiwi. Mpango wetu ukawa gari linalala kambini na linabaki kambini, sisi tunatembea kwa miguu au tunapanda basi na treni, na kusema ukweli kuanzia hapo safari ikawa tamu.

Kambi zenyewe ziko za aina mbili. Kuna zile kubwa zenye duka, mabafu, sehemu ya watoto kucheza, magari mengi, na kila gari linatakiwa liachiane na jingine mita 6 kwa ajili ya moto. Msimu ukikolea paundi 40 au 50 kwa usiku ni kawaida. Halafu kuna vile vikambi vidogo vya mashambani vya wanachama wa zile klabu mbili kubwa za huku, moja ya 1901 na nyingine ya 1907, vinaruhusiwa magari matano tu, mara nyingi hakuna bafu wala nini, kuna bomba la maji, pa kumwaga choo, na soketi ya umeme ukibahatika, na bei inaweza kuwa nusu ya ile. Sisi tulijiunga uanachama kwa ajili ya hilo na ada ilirudi haraka. Kile kikambi chetu cha pili kilikuwa kwenye shamba la ng'ombe upande wa Purbeck, rasi ya kusini mashariki mwa Dorset, mama mwenye shamba alikuja mwenyewe kutupokea akatuonyesha pa kuchomeka ule waya wa chungwa wa umeme, akatuambia mayai yako kwenye kiboksi getini, chukueni muweke hela kwenye kopo. Asubuhi unaamka ndege wanapiga kelele, ng'ombe wako nyuma ya uzio wanakutazama unavyopiga mswaki. Kati ya hizo kubwa na hivi vidogo mimi nachagua vidogo bila kufikiri mara mbili, mradi umejaza maji na gesi ipo.

Kwenda Purbeck kutoka upande wa Bournemouth tulipita Sandbanks, kuna kivuko kinachovutwa kwa minyororo kinakatiza mdomo wa bandari ya Poole, dakika chache tu uko Studland. Motahomu zinabebwa, unalipa kwa ukubwa wa gari, na watoto waliona ni sherehe. Ng'ambo ile ndipo inapoishia ile njia ndefu ya miguu ya pwani ya kusini magharibi, maili 630 kutoka Minehead. Studland kwenyewe ni mchanga mweupe laini, maji ya chini chini watoto wanacheza bila wasiwasi, ila wenye familia mjue kuna kipande cha ufukwe kimewekewa alama kabisa kwa watu wanaopumzika bila nguo, kwahiyo someni vibao mnapotembea. Ukifuata jabali upande wa kusini unafika Old Harry Rocks, nguzo nyeupe za chaki zimesimama baharini zenyewe, na siku ya jua unaiona Isle of Wight ng'ambo ina mawe meupe hivyo hivyo, zamani ulikuwa ukingo mmoja wa chaki bahari ikaukata.

Barabara za ndani za Purbeck sasa. Hizi ndo zitakazoamua kama utaipenda motahomu au utaichukia. Ni nyembamba, gari moja, pande zote mbili ua wa miti umepanda juu kuliko kichwa cha dereva, huoni mbele, na kila baada ya umbali fulani kuna kisehemu cha kupishana. GPS ya simu haijui kwamba una gari la mita 7, inakupeleka njia fupi kwa roho safi kabisa. Tulikutana na trekta uso kwa uso, nyuma yetu kuna magari mawili madogo, matawi yanakwaruza pande zote. Nikashuka kuongoza, wale wa nyuma wakarudi, baba watoto akapiga rivasi taratibu akiangalia mkono wangu kwenye saidi mira, na yule mkulima akashuka naye kwenye trekta lake akaja kusimama upande wa pili kumwelekeza mpaka tukaingia kwenye kisehemu. Hakuna aliyepiga honi. Alivyotupita akasimama akatuonyesha kwa kidole barabara ya kupita na gari kama letu, ndefu kidogo lakini pana. Tangu siku hiyo tukawa tunatumia ramani ya karatasi inayoonyesha upana wa barabara, na tukabandika karatasi kwenye dashibodi yenye kimo cha gari kwa mita na kwa futi na inchi kwasababu madaraja mengi yameandikwa kwa futi. Fanyeni hivyo. Upande tunaendesha ni kushoto kwahiyo hapo mzigo umepungua, na spidi kwa motahomu za ukubwa wetu ni zilezile za magari madogo, nzito zaidi zina kikomo cha chini, ulizeni wakati wa kuchukua gari.

Corfe Castle ndo picha inayowekwa kwenye kila kalenda, ngome iliyobomoka juu ya kilima na kijiji cha mawe ya kijivu chini yake. Ilikuwa ya wafalme, baadaye ikawa ya familia ya Bankes, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya mfalme na Bunge Lady Mary Bankes aliishikilia wanaume wakiwa vitani, na mwaka 1646 upande wa Bunge walipoikamata wakaipasua kwa baruti makusudi isije ikatumika tena, ndo maana kuta zimeegemea vile kama zimelewa. Mawe yake mengi yako kwenye nyumba za kijijini hapohapo. Hatukwenda na motahomu mpaka kijijini, tuliiacha Norden kwenye paking kubwa tukapanda treni ya moshi. Reli ile ilifungwa 1972 ikang'olewa, wapenzi wa treni wakairudisha kipande kwa kipande kwa kujitolea, na mpaka leo wengi wanaofanya kazi humo ni wa kujitolea, babu mmoja aliyevaa sare ya zamani alimruhusu mwanangu apige tundu tiketi yake mwenyewe. Ukishuka mwisho wa reli uko Swanage, mji mdogo wa pwani, samaki na chipsi zilizomwagiwa siki, kaeni mmegeukia ukuta maana shakwe wa pale ni wezi waliokomaa, mmoja alimpokonya binti yangu kipande cha samaki mkononi kabisa. Bei ilipita paundi 10 kwa mtu na samaki ulikuwa wa moto, mweupe, mkubwa kuzidi sahani. Wale mnaoangalia halali ulizeni wanakaangia mafuta gani, kuna maduka ya huku yanatumia mafuta ya ng'ombe, mkiuliza wanawaambia bila shida.

Halafu Tyneham, kijiji kisicho na watu. Nimeona watu wengi wanaokwenda Dorset wanairuka hii, mimi nasema msiiruke. Desemba 1943, vita kuu ya pili, jeshi lilitaka eneo la kufundishia askari kupiga mizinga, watu 225 wa kijiji kile na mashamba ya jirani wakaambiwa wahame kabla ya Krismasi. Wakahama wakijua watarudi vita ikiisha, na mmoja wao akabandika karatasi kwenye mlango wa kanisa akiwaomba askari watunze kanisa na nyumba zao. Vita iliisha 1945 na hawakurudishwa, eneo ni la jeshi mpaka leo. Unakwenda wikendi nyingi na sikukuu jeshi lisipofanya mazoezi, bendera nyekundu ikipandishwa geti linafungwa na hakuna mjadala. Nyumba zimebaki kuta tu, madirisha wazi, mahali pa moto pako ukutani ghorofa ya juu ambako hakuna sakafu tena, na mti umeota jikoni kwa mtu. Kanisa na shule vimetunzwa, ndani ya shule madawati yamepangwa kana kwamba mwalimu ametoka kidogo. Mwanangu mkubwa alisimama pale muda mrefu, akaniuliza, "Mama, kwani waliwaambia uongo?" Nikamwambia nadhani waliowaambia nao waliamini hivyo wakati ule. Sikuwa na jibu lingine. Kwasababu jeshi limelizuia eneo, halijajengwa, halijalimwa kwa dawa, maua ya porini yamejaa kote, na ukitembea kama maili moja unatoka kwenye ghuba ya Worbarrow ambako tulikuwa na wageni wengine wachache mno. Barabara ya kushuka ni nyembamba na ina mteremko, motahomu zinafika, nendeni mapema kabla wanaotoka hawajaanza kupanda.

Durdle Door sasa mnaijua wote, lile tao la mawe baharini. Niseme wazi, mchana wa jua siipendekezi hata kidogo, watu wamejaa, ngazi zina foleni, kokoto zote zimekaliwa. Ila tulilala kambi ya karibu inayofika kwa miguu, tukaamka saa 11 alfajiri jua ndo linachomoza, tukateremka zile ngazi tukiwa na chupa ya chai na maandazi niliyoyakaanga jana yake humo humo ndani ya gari. Hapo ndo nilielewa hela ya motahomu inakwenda wapi. Anayekuja kutoka hotelini atafika saa nne. Sisi tulikuwa na ufukwe mzima na mzee mmoja na mbwa wake. Mwanga wa asubuhi unaingia kwa pembeni kwenye jabali, zile tabaka za mawe zimesimama wima kabisa, chokaa ngumu upande wa bahari, laini nyuma yake, bahari ilipenya ikala ile laini ikaacha tao. Msipande juu ya tao na msijirushe, 2020 watu walijirusha wakaumia vibaya mpaka helikopta zikatua ufukweni. Kutoka pale unapanda kilima chenye mwinuko wa kuuma miguu ukashuke Lulworth Cove, kighuba cha mviringo karibu kamili, kama maili moja tu lakini kwa watoto ni kazi, tulikwenda tukipumzika. Saa nne tunarudi kambini tukakuta watu ndo wanashuka kwa makundi, sisi tukaingia zetu kulala.

Mvua ilinyesha, ndiyo, nzima nzima siku moja. Hapo ndo hema na motahomu vinaachana. Tulifunga madirisha, hita ikawashwa, nikapika wali na maharage ya kopo yenye nazi ya kopo, watoto wakacheza karata mezani, mvua inapiga paa na wewe uko mkavu una kila kitu. Kwenye nyumba ya kukodi ungeona siku imepotea, mle ndani haikupotea.

Kuelekea magharibi pitieni barabara ya B3157 kutoka Weymouth kwenda Bridport, inapanda juu halafu ghafla unaona Chesil yote imelala chini yako, ukingo wa kokoto wa maili 18. Simameni kwenye visehemu vya juu, usijaribu kuangalia huku unaendesha. Kokoto zake zimepangwa na bahari yenyewe, upande wa West Bay, ncha ya magharibi, ni ndogo kama njegere na kadiri unavyokwenda Portland, ncha ya pili, zinakua mpaka zinajaa kiganja, na wavuvi wa kule inasemwa walikuwa wakitua gizani wanajua wako wapi kwa kushika kokoto tu. Tulijaribu na watoto wamefumba macho, kokoto za ncha mbili wakazitofautisha mara moja. Kuzibeba nyumbani hairuhusiwi, tulizirudisha. Na msiogelee pale, ufukwe unazama ghafla na mkondo ni mkali.

Charmouth na Lyme Regis ndo ilikuwa mwisho. Pwani hii yote mpaka Devon iliingizwa kwenye urithi wa dunia 2001, mawe yake yanabeba historia ya miaka milioni 185, na Charmouth visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, unaviokota ukiwa na mikono mitupu. Njia ni hii, subirini maji yaanze kupwa, tembeeni kwenye kokoto karibu na maji na sio chini ya jabali, jabali lile ni udongo linaporomoka bila taarifa, na angalieni saa ya maji kujaa kabla hamjaondoka, hasa siku za bamvua, watu wanazingirwa kule. Inamisha kichwa utafute kitu chenye duara duara. Mwanetu mdogo alipata amonaiti, kisukuku cha kiumbe wa baharini mwenye gamba la kujikunja, ya dhahabu dhahabu isiyofika ukubwa wa senti, imejikunja vizuri hata mistari inahesabika, akaishika njia nzima. Kuokota vilivyolala ufukweni inaruhusiwa, kugonga jabali kwa nyundo msifanye. Kwenye kituo cha pale kuna watu wanakutazamia ulichookota wanakwambia ni nini, bila kukudharau hata ukiwapelekea jiwe la kawaida.

Na pale Lyme kuna sanamu ya Mary Anning, mtafutaji visukuku wa palepale, ilizinduliwa 2022, amebeba kikapu na mbwa wake yuko pembeni. Binti wa fundi seremala, alizaliwa 1799, yeye na kaka yake walifukua iktiosauri akiwa na miaka 12 hivi, 1823 akapata plesiosauri kamili, wote wawili ni reptilia wa baharini wa kale, mabwana wakubwa wa London wakanunua visukuku vyake wakaandika makala na jina lake hawakuliweka, na chama cha wanajiolojia hakikumpokea kwasababu ni mwanamke. Alifariki 1847. Nimefurahi amewekewa sanamu, na nimefurahi zaidi kwamba imewekwa ikitazama njia ya kwenda ufukweni na sio kufungiwa kwenye jumba. Msiingie katikati ya Lyme na motahomu jamani, mitaa ni mwinuko na kona za ajabu, egesheni juu mteremke kwa miguu.

Choo sasa, maana kila mtu anauliza. Ni cha kaseti, kiboksi chenye magurudumu unakivuta kutoka mlango mdogo wa nje ya gari, unakwenda nacho sehemu maalumu ya kambi, unafungua koo lake, unabonyeza kitufe cha hewa kwa kidole gumba ili kisikurukie, unamwaga taratibu, unasuuza, unatia dawa ya bluu na maji kidogo. Kwa familia ya wanne ni kila siku au siku na kitu. Dakika tano na glavu, umemaliza. Wanaoogopa motahomu kwa ajili ya choo wanajinyima bure.

Nani asichukue? Wale mnaotaka miji, London au Bath, msichukue, hakuna pa kuweka na miji mingine inatoza magari yanayochafua hewa. Wenye shida ya magoti pia muangalie, kupanda kitanda cha juu kila usiku sio lelemama. Na kama ni watu wawili tu chukueni kampavani ndogo, itaingia chini ya vile vyuma vya paking kama paa lake ni fupi na barabara nyembamba hazitawasumbua. Mwezi, mimi ningesema Juni kabla ya likizo kubwa kwa wasio na watoto wa shule, au Septemba bahari ikiwa imepata joto la majira yote. Mei maji ni baridi ya kukata, wanetu waliingia wakatoka wakipiga kelele.

Kurudisha gari: dizeli ijae, choo kimwagwe, maji machafu yatolewe, ndani pafagiliwe. Tulifanya yote, na bado walitaka kukata paundi 60 kwa mikwaruzo ya matawi ubavuni ambayo ilikuwemo tangu tunachukua. Nikafungua simu nikawaonyesha ile video ya siku ya kwanza, ubavu huohuo, mikwaruzo hiyohiyo. Dipoziti yote ikarudi baada ya siku chache. Gari nalipa alama nne kwa tano, Dorset tano kwa tano, kampuni kwa makabidhiano yake mbili.